Maswali ya Wasomaji: Gereji inaposema "hulipi kitu", nani amelipa?

Barua za mwezi huu zimetoka Dar es Salaam, Mombasa, Arusha na Mwanza, na zote zinahusu ofa ambazo gereji huwatangazia wenye magari ambayo matengenezo yake yanalipwa na kampuni za bima. Tumezifupisha bila kubadili maana, na majina ya waandishi, ya gereji na ya kampuni tumeyaacha nje. Tunaanza na barua ya mwenye gari, kwa sababu hesabu iliyomo katika jibu lake itahitajika katika majibu yanayoifuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu lina bima kubwa. Nilikuwa nikirudi kinyumenyume getini nikagonga nguzo, bampa la nyuma likapasuka, taa ikavunjika na ubavu ukabonyea. Gereji niliyoipelekea iliniambia nisihangaike na eksesi ya shilingi 250,000, kwamba "hiyo tutamalizana na bima". Sikutoa hata senti, gari limerudi linang'aa, nami nikashukuru. Sasa shemeji yangu, ambaye ni mhasibu, ananiambia kuwa nimeshiriki udanganyifu. Nimemdanganya nani ikiwa nilichopata ni punguzo tu?
Mwenye gari, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Shemeji yako ana hoja, ingawa hukumu yake ni kali kuliko inavyostahili mtu ambaye hakujua. Tuiweke hesabu mezani. Eksesi ni ile sehemu ya gharama ambayo mwenye gari amekubali, tangu siku ya kukata bima, kuibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Tuseme kazi yote ya gari lako, yaani vipuri, kunyoosha bodi na rangi, ina bei halisi ya shilingi 1,600,000. Kwa utaratibu wa kawaida wewe unalipa 250,000 na kampuni ya bima inalipa 1,350,000, na gereji inapata fedha zake zote. Gereji inapokuambia kuwa hulipi kitu, zile 250,000 hazijayeyuka hewani. Zimehamia mahali fulani, na mahali penyewe pako patatu.

Njia ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi. Gereji inaandika ankara ya 1,850,000, kampuni inakata eksesi yako na kulipa 1,600,000, na gereji inapata bei yake kamili bila wewe kugusa mfuko. Hapa uongo uko wazi, kwa kuwa kuna kazi ya 250,000 iliyoandikwa na haikufanyika.

Njia ya pili ndiyo inayowachanganya watu, hata waungwana. Gereji inaandika 1,600,000 ileile, inapokea 1,350,000 kutoka bima, na wewe inakusamehe. Inaonekana kama ukarimu wa mwenye gereji kutoka katika faida yake mwenyewe, na ndivyo wengi wanavyojitetea. Lakini kama gereji ilikuwa tayari kuifanya kazi hiyo kwa 1,350,000, basi hiyo ndiyo bei yake, na ndiyo iliyopaswa kuandikwa kwenye ankara. Katika bei hiyo ndimo eksesi yako ingekatwa, na kampuni ingelipa 1,100,000. Kampuni imelipa 250,000 zaidi ya ilizopaswa kulipa, kwa sababu imeonyeshwa bei ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuitoza.

Njia ya tatu unalipa wewe, ila hujui kama unalipa. Ankara inasema taa mpya na bampa jipya. Kilichofungwa ni taa iliyokwishatumika, na bampa ni lako lilelile lililochomelewa kwa ndani na kufunikwa puti ya kujazia mabonyeo. Rangi imepigwa koti moja mahali palipohitaji mawili, bila kusuguliwa vizuri chini yake. Gari linatoka likiwa zuri, na mvua za masika zikipita mara moja au mbili unaanza kuona vijipele ukingoni mwa tairi la nyuma. Piga kidole cha kukunja ubavuni mwa gari lako, kisha mlangoni ambapo hapakuguswa, usikilize sauti. Puti nene hutoa sauti butu kama ya ubao.

Kisheria, bima ya gari ni mkataba wa kumrudisha mtu alipokuwa kabla ya hasara, asipungukiwe na wala asipate faida. Kanuni hii mahakama za nchi zetu ziliirithi kutoka Uingereza, ambako kesi inayotajwa sana ni ya Castellain dhidi ya Preston ya mwaka 1883. Kwa msingi huo, bei halisi ya matengenezo ikipungua kwa sababu yoyote, anayestahili kunufaika kwanza ni yule anayebeba gharama, na kampuni ya bima ina haki ya kujua.

Je, wewe una kosa? Udanganyifu unahitaji nia, na asiyejua kuwa ankara imeongezwa hakuwa na nia hiyo. Hata hivyo, maneno "tutamalizana na bima" yalikuwa ya kukufanya uulize, na kuanzia leo huwezi tena kusema kwamba hukujua. Omba nakala ya ankara iliyopelekwa kwa kampuni na ya ripoti ya mkadiriaji hasara, uzilinganishe na kilichofungwa kwenye gari. Tazama pia kama imetolewa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ya zile 250,000 kwa jina lako. Kama ipo na wewe hukulipa, basi kilichodanganywa si kampuni ya bima peke yake, kwa sababu karatasi hiyo inahesabika pia kwa Mamlaka ya Mapato. Ukiona tofauti, iandikie kampuni yako barua fupi ya kueleza ulichoambiwa na ulichokuta, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kampuni nazo hupekua mafaili ya zamani, na mwenye bima aliyetoa taarifa mwenyewe husikilizwa tofauti na yule aliyegunduliwa. Kukitokea mvutano kati yako na kampuni kuhusu madai haya, unaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya wateja wa kawaida kama wewe.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha wenye gereji katika sehemu yetu ya mji. Gereji moja, ambayo nayo ni mwanachama, imeweka bango barabarani: "Lete gari lenye bima, eksesi juu yetu, vocha ya mafuta ya shilingi 5,000 ni yako". Wateja wetu wanahamia huko, na hata madereva wa magari ya kuvuta wanapeleka ajali kwake moja kwa moja. Katika kikao kijacho wanachama wanataka tupitishe azimio kwamba hakuna gereji itakayotoa punguzo linalozidi asilimia 5, kwamba atakayekiuka atafukuzwa, na kwamba tutawaandikia wauza vipuri wakubwa wasimuuzie. Nimeombwa niandike rasimu. Je, niendelee?
Katibu, Mombasa

JIBU: Bwana Katibu, tafadhali usiiandike rasimu hiyo, na kama umeshaianza, iweke kando mpaka umalize kusoma. Malalamiko yenu ni ya haki, lakini dawa mliyoichagua inaweza kukifikisha chama mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kabla ya mwenye bango kufikishwa popote.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inavitaja vyama vya wafanyabiashara waziwazi katika kifungu chake cha 22. Inakataza chama kutoa mapendekezo kwa wanachama wake, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, kuhusu bei watakazotoza au masharti ya mauzo, na punguzo limetajwa humo miongoni mwa masharti hayo. Kifungu hichohicho kinakataza kumtenga mtu na chama bila sababu ya haki ilhali anafanya biashara hiyo kwa nia njema. Barua kwa wauza vipuri ndiyo mbaya kuliko yote, kwa kuwa ni mwaliko wa kususia mshindani kwa pamoja. Wasomaji wetu wa Tanzania wasidhani kuwa wao wako salama: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza washindani kupanga bei na kususia kwa pamoja, iwe wamefanya hivyo kwenye kikao chenye mihutasari au kwenye kundi la simu.

Wanachama watakuuliza: basi chama kina faida gani? Jibu liko katika kutenganisha mambo mawili ambayo bango lile limeyachanganya kwa makusudi. Punguzo la bei, peke yake, si kosa. Gereji yenye tanuri la rangi na mafundi wepesi inaweza kumaliza kazi kwa siku chache na kutoza chini ya wenzake, na hakuna chama kinachopaswa kuizuia. Kinachoharibu soko la matengenezo ya bima ni kwamba anayechagua gereji siye anayelipa sehemu kubwa ya ankara, kwa hiyo zawadi inapelekwa kwa mchaguzi na gharama inapelekwa kwa mlipaji ambaye hajui. Mjumbe wa kamati ya harusi akitumwa sokoni kununua magunia ya mchele kwa fedha za mchango, na muuzaji akamnong'oneza kwamba gunia litaandikwa kwa bei ya juu kisha yeye apewe kilo zake pembeni, hakuna atakayesema kuwa muuzaji huyo ametoa punguzo. Kamati imeibiwa, na wauza mchele waaminifu wamekosa mteja ingawa bei yao halisi ilikuwa nzuri.

Ujerumani inatufaa hapa kwa mfano, kwa sababu imeipita njia yote. Kuanzia mwaka 1933 ilikuwa na sheria maalumu ya mapunguzo ambayo, kwa mauzo ya kawaida kwa walaji, haikuruhusu zaidi ya asilimia 3. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2001, na tangu hapo mfanyabiashara yuko huru kupunguza bei anavyotaka. Hata hivyo, Novemba 2007 mahakama ya juu ya nchi hiyo kwa kesi za madai, Bundesgerichtshof iliyoko Karlsruhe, iliamua kwamba gereji kumwahidi mteja mwenye bima nafuu ya namna hii, ili apunguziwe mzigo wa sehemu anayojilipia, ni ushindani usio wa haki. Hoja ilikuwa kwamba mteja ana wajibu kwa kampuni yake ya bima anapochagua gereji na kukubali bei, na ahadi ya kumnufaisha yeye peke yake inamvuta ausahau wajibu huo. Kwa maneno mengine, nchi iliyokuwa imeruhusu kila punguzo bado ilikataa hili moja, kwa kuwa lilikuwa linatolewa kwa mtu asiye mlipaji.

La kukufaa wewe zaidi ni jinsi vyama vya huko vinavyofanya kazi. Tangu mwaka 1912 wafanyabiashara wa Ujerumani wana taasisi yao ya kupambana na ushindani usio wa haki, Wettbewerbszentrale, yenye makao makuu Bad Homburg. Haipangii mtu bei. Inapopata malalamiko, humwandikia mfanyabiashara barua ya onyo na kumtaka atie saini ahadi ya kuacha. Akikataa, sheria inaipa nafasi ya kumpeleka mahakamani. Vyama vyetu havina nguvu hiyo ya kushtaki kwa niaba ya soko zima, lakini hatua mbili za mwanzo, yaani kuonya kwa maandishi na kuomba ahadi, hakuna sheria inayozikataza ilimradi onyo linahusu ukweli wa ankara na matangazo, si ukubwa wa punguzo.

Hivyo, badala ya azimio la asilimia 5, andika kanuni za maadili zinazohusu uwazi. Sema kwamba kila punguzo, zawadi au vocha inayotolewa kwa kazi inayolipwa na bima itaandikwa kwenye ankara inayokwenda kwa kampuni ya bima, kwa thamani yake ya fedha. Sema kwamba eksesi itatozwa na kutolewa risiti, au kama gereji imeisamehe, ankara itaonyesha hivyo kwa maneno yanayosomeka. Sema kwamba kipuri kitaandikwa kama kilivyo, kipya au kilichotumika, na kwamba mteja atarudishiwa kipuri cha zamani akikitaka. Halafu lipo la bahasha kwa dereva wa gari la kuvuta, kwa wakala na kwa mkadiriaji. Nakuomba usilipitie juujuu kwa sababu wajumbe wengine wa kamati watakuwa wanalipenda lipitwe. Bango la barabarani angalau linaonekana. Bahasha ya dereva wa gari la kuvuta haionekani, nayo inaingia kwenye ankara kwa njia ileile.

Utaona kwamba mwanachama mwenye bango anaweza kutimiza kanuni zote hizi na bado akatoa punguzo la asilimia 20. Akifanya hivyo kwa uwazi, shindaneni naye kwa kazi. Kwa uzoefu wa dawati hili, lakini, ofa za aina hiyo hazidumu zikishaandikwa kwenye ankara, maana kampuni ya bima ikiuona msamaha wa eksesi itaikata thamani yake kwenye malipo, na gereji itabaki imeubeba ukarimu wake wenyewe.

Mambo madogo kama kuosha gari, kumrudisha mteja nyumbani au kumpa dhamana ya rangi yanaweza kuachwa nje ya kanuni. Vocha ya shilingi 5,000 inayotolewa kwa sharti kwamba kazi ilipwe na bima si jambo dogo, na neno "sharti" ndilo la kulitazama: jiulizeni kama mteja anayelipa kwa fedha zake naye angepewa vocha hiyo. Kama hapewi, fedha hizo zimetoka kwa bima.

Kabla ya kupitisha chochote, mpeni wakili rasimu aisome, na ikibaki shaka iulizeni Mamlaka ya Ushindani yenyewe, kwa kuwa sheria inaruhusu chama kuomba ruhusa maalumu kwa jambo ambalo lingeweza kuonekana kama zuio la ushindani. Kuhusu bango lililokwisha kutundikwa, chama kinaweza kuipelekea kila kampuni ya bima iliyoorodhesha gereji hiyo picha yake pamoja na barua isiyo na matusi. Pakiwa na ushahidi wa ankara zilizoongezwa, na si tetesi za barazani, Kenya ina kitengo cha polisi cha kuchunguza udanganyifu wa bima kinachofanya kazi pamoja na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Kitengo hicho hupokea faili, si malalamiko kwamba fulani anapata wateja wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nabadilisha vioo vya magari. Bima nyingi hapa hazikati eksesi kwa kioo cha mbele mradi bei isizidi kikomo kilichoandikwa, kwa hiyo mteja halipi kitu hata kwangu mimi nisiyetoa ofa. Siku hizi wananiuliza, "Fulani ananipa elfu thelathini mkononi, wewe unanipa nini?" Ikiwa eksesi haipo, ubaya uko wapi?
Fundi wa vioo, Arusha

JIBU: Ubaya unakuwa mkubwa zaidi, kwa sababu mteja hana sababu yoyote ya kujali bei. Jimbo la Florida nchini Marekani limekuwa darasa la jambo hili. Sheria ya huko inazuia kampuni za bima kukata eksesi kwenye kioo cha mbele cha mtu mwenye bima kubwa, na nia ilikuwa njema, watu wasiendeshe na vioo vilivyopasuka. Matokeo yake yalikuwa watu waliosimama kwenye maegesho na sehemu za kuoshea magari, wakimwonyesha dereva kovu dogo la kokoto na kumwahidi kadi ya zawadi au fedha taslimu akikubali kioo kipya papo hapo. Madai yalihamishiwa kwa maduka ya vioo, na maduka yakazifungulia kampuni za bima kesi kwa maelfu. Mwaka 2023 jimbo hilo lilitunga sheria ya kupiga marufuku zawadi, kadi na marejesho ya fedha yanayotolewa ili mtu afungue madai ya kioo, na ikazuia pia kuhamisha haki ya madai kwa duka.

Kwako wewe, angalia mambo mawili. Kikomo cha bima kina tabia ya kugeuka bei: kioo ambacho mteja wa fedha taslimu anauziwa kwa 280,000 kinaandikiwa 500,000 kwa sababu tu mkataba unaruhusu kufika hapo, na zile elfu thelathini za mkononi zinachotwa katika tofauti hiyo. Weka bei moja kwa wateja wote, ibandike ukutani, na anayekuuliza unampa nini mwonyeshe. Jambo la pili ni kovu lenyewe. Alama ndogo iliyo mbali na ukingo na isiyo mbele ya macho ya dereva mara nyingi inazibika kwa gundi maalumu inayosukumwa ndani ya ufa, kwa gharama iliyo chini sana ya kioo kipya, na kioo cha kiwandani kinabaki mahali pake na gundi yake ya awali. Mwenye ofa ya elfu thelathini hawezi kumshauri mteja hivyo, kwa sababu kwenye kuziba hakuna cha kugawana. Wewe unaweza, na kampuni za bima zinawajua mafundi wanaofanya hivyo.

SWALI: Mhariri, nimesoma mengi kuhusu gereji zinazodanganya kwa ofa. Mbona hamsemi kuhusu kampuni za bima? Ili nibaki kwenye orodha ya gereji za kampuni moja natakiwa kuikatia asilimia 15 kwenye kazi na vipuri, kisha nalipwa baada ya miezi. Spea nanunua kwa fedha taslimu, tena asubuhi kabla fundi hajaanza. Hilo si punguzo la dhuluma? Na chama chetu kinaweza kufanya nini?
Mpiga bodi, Mwanza

JIBU: Ndugu fundi, punguzo unalotozwa na lile la bango la Mombasa ni vitu viwili tofauti, ingawa moja huzaa jingine. Unalolitoa wewe linaonekana na linakwenda kwa mlipaji, kwa hiyo halina udanganyifu ndani yake. Linaweza kuwa la kukandamiza, na hilo ni suala lake. Lakini ni kweli, na kampuni za bima hazipendi kulisikia, kwamba gereji iliyokatwa asilimia 15 na kusubirishwa miezi ndiyo inayoshawishika kuandika taa mpya na kufunga ya zamani. Mkadiriaji anayekata saa za kazi kwenye makadirio bila kuligusa gari anajua, au anapaswa kujua, kwamba saa hizo zitapunguzwa mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye kusugua na kupaka praima, mahali ambapo jicho halifiki.

Kenya imechukua hatua ambayo wenzao wa Tanzania wanaweza kuisoma kwa faida. Kwa marekebisho ya mwaka 2019, Sheria yake ya Ushindani ina kifungu cha 24A kuhusu mnunuzi mwenye nguvu anayemwonea muuzaji wake, na miongoni mwa vitendo vilivyotajwa ni kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kinyume cha makubaliano, kudai masharti ya upendeleo, na kumhamishia muuzaji gharama au hatari isiyo yake. Gereji ni muuzaji wa huduma, na kampuni ya bima ndiyo mnunuzi. Tanzania, sheria ya 2003 inawagusa zaidi wenye nguvu ya soko, na si rahisi kuthibitisha kwamba kampuni moja ya bima ina nguvu hiyo kwa nchi nzima, kwa hiyo mkataba wako ndio ngao ya kwanza.

Kuhusu chama, onyo nililompa katibu wa Mombasa linawahusu ninyi pia: msikubaliane bei ya saa ya kazi, na msikubaliane kukataa kazi za kampuni fulani kwa pamoja. Sheria ya namna hii hata hivyo inakata pande zote mbili. Mwaka 1963 serikali ya Marekani ilifikia suluhu mahakamani na vyama vya kampuni za bima za magari vya nchi hiyo, vilivyokuwa vimeanzisha mpango wa pamoja wa wakadiriaji, na hati ya suluhu ikavikataza kupanga bei za matengenezo na kuwasukuma wateja kwenye gereji zilizochaguliwa kupitia mpango huo. Ikiwa kampuni kadhaa zinakuletea asilimia 15 ileile, kwa fomu ileile na wiki ileile, chama kina sababu nzuri ya kuuliza Tume ya Ushindani kama hilo limetokea kwa bahati.

Kazi nyingine ya chama iliyo salama ni ya kiufundi. Andikeni hatua za kazi kama zinavyopaswa kufanyika, kwa mfano ni lini bampa la plastiki linafaa kuchomelewa na ni lini linapaswa kubadilishwa, mipako mingapi ya rangi inahitajika, na ni vipimo gani vinachukuliwa baada ya kunyoosha fremu. Hati hiyo haina bei hata moja, na kila mwanachama anaweza kuiambatanisha na makadirio yake, ili mkadiriaji anayekata saa aseme ni hatua gani anaikata.

Na wewe mwenyewe, kabla ya kusaini mkataba wa mwaka ujao, dai kwamba asilimia 15 iwe na sharti la siku za kulipa: ankara ikilipwa ndani ya siku mlizokubaliana, punguzo lipo, siku zikipita, linafutika na deni linarudi kwenye bei kamili. Kampuni nyingi zitakataa kwa mara ya kwanza. Peleka kila ankara kwa daftari la kusainiwa tarehe ya kupokelewa, kwa sababu bila tarehe hiyo sharti lenyewe halitakusaidia.